Kruzi ya kwanza maishani: bandarini mnatembea wenyewe ama mnafuata watu wa meli?

MwanaSyokimau (#1)
Habari wadau. Mwakani mimi na mama watoto tunatimiza miaka 15 ya ndoa, na nilimwahidi tutapanda meli ya kitalii. Niliahidi nikiwa nimeshiba, sasa ahadi imekuwa deni. Nimepata safari inayoanzia Barcelona na kurudi hapo hapo: Marseille, Genoa, "Roma", Palermo, Tunis, siku moja baharini, jumla usiku 7. Bei ya chumba cha ndani kisicho na dirisha inabebeka. Kilichonishtua ni zile ziara wanazouza ndani ya meli. Dola 90 hadi 150, mtu mmoja, bandari moja! Piga mara mbili, piga mara bandari tano, hiyo ni ng'ombe wa maziwa.

Msimamo wangu: huo ni wizi wenye risiti. Bandari ni mji, mji una teksi na treni. Tutashuka wenyewe, tuzunguke, turudi. Anayepinga apinge, lakini aje na sababu.

KidoleJuu (#2)
Nimevuta kiti. Chai iko.

BwanaRamani (#3)
Kabla ya kubishana juu ya bei, soma jina la bandari, usisome jina la mji. Wewe mwenyewe umetia "Roma" kwenye alama za kunukuu, kwa hivyo umeshashuku. Meli haifiki Roma. Inafunga Civitavecchia, kilomita 80 hivi kutoka mjini. Ni kama uambiwe umefika Nairobi halafu ushukishwe Naivasha. Tangazo likisema "Paris", ujue ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Florence" ni Livorno. "Kairo" ni Alexandria ama Port Said, na siku yako nzima inaishia kwenye basi. "Venice" nayo ni kichekesho: tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca, kwa hivyo uliza kama ni Marghera, Ravenna ama Trieste.

Kwenye orodha yako, Genoa na Palermo unashuka ukitembea kwa miguu, mji uko hapo mbele ya gati. Kununua ziara hapo ni kulipia hewa. Marseille gati liko mbali kidogo na katikati ya mji. Civitavecchia ndiyo ya kufikiria mara mbili.

Shangazi_Umoja (#4)
Mwanangu wa Syokimau, nunua ziara ya meli utulie. Meli haimngoji mtu. Si mlisikia juzi ile meli iliyowaacha watu kumi na wawili Senegal? Walikuwa wanajizungusha wenyewe kama unavyotaka kufanya wewe. Wengine ni wazee, mmoja mgonjwa wa moyo, dawa zimebaki chumbani.

BwanaRamani (#5)
Shangazi, kisa ni cha kweli ila umekichanganya kidogo. Ilikuwa Machi 2024, meli ni Norwegian Dawn, safari ya kutoka Cape Town kwenda Barcelona. Walioachwa walikuwa 8, na waliachwa kisiwani São Tomé baada ya ziara yao ya kibinafsi kuchelewa. Wakaifuata hadi Gambia, meli ikashindwa kuingia bandarini. Senegal ndipo walipoipata hatimaye, Dakar. Kwa hivyo Senegal ni mahali walipopanda, hawakuachwa huko.

Shangazi_Umoja (#6)
Ahsante mwalimu. Wanane ama kumi na wawili, mimi sitaki kuwa wa tisa.

MwanaSyokimau (#7)
Lakini São Tomé na Genoa ni vitu viwili. Genoa nikiachwa nachukua treni. São Tomé unachukua nini, ngalawa?

NahodhaWaNchiKavu (#8)
Ukiachwa Genoa unachukua treni kwenda wapi bwana, na kesho yake meli iko "Roma" ambayo si Roma? Halafu ukiachwa Tunis? Treni ya chini ya bahari?

ChumbaTisaSufuri (#9)
Nimefanya kazi kwenye hizi meli miaka sita, usafi wa vyumba, saa hii niko likizo Donholm nasubiri mkataba mwingine. Wacha niwaambie inavyokuwa upande wetu.

Basi la ziara ya meli likichelewa, daraja la nahodha, yaani chumba cha kuongozea meli, linajua. Wanajua basi namba fulani liko wapi na lina watu wangapi, na mara nyingi meli inangoja. Ikishindikana kabisa, kampuni ndiyo inakubebea mzigo wa kukufikisha bandari inayofuata. Wewe uliyetoka mwenyewe, kompyuta ya mlangoni inaonyesha tu kwamba kadi yako haijaingia. Wanakuita kwa spika mara mbili tatu, halafu mtu anatumwa chumbani kwako kutafuta pasipoti. Akiipata, inaachwa kwa wakala wa bandari. Nimeshafungua sefu za watu namna hiyo nikiwa na mlinzi kando yangu. Ukiona pasipoti inashushwa kwenye bahasha, ujue kuna mtu atalia gatini.

Kwa hivyo hizo dola 90 si za kuona mji. Unalipia kungojwa. Kama gati liko mjini, kungojwa hukuhitaji. Kama uko saa moja na nusu kutoka gatini na barabara ni moja, piga hesabu mwenyewe.

Mambo mawili watu hukosea. La kwanza, saa iliyoandikwa kwenye karatasi ya siku ni saa ya KURUDI ndani, na hiyo huwa nusu saa ama saa nzima kabla ya meli kung'oa nanga. La pili, meli ina saa yake. Nahodha akiamua saa ya meli haibadiliki, simu yako itajibadilisha yenyewe kufuata mnara wa nchi kavu na itakudanganya. Nunua saa ya mkono ya soko la Gikomba, iweke sawa na saa ya meli, usiiguse mpaka mshuke.

KidoleJuu (#10)
#9 apewe soda.

Bi_Tausi (#11)
Kuhusu saa, nina kisa. Mpwa wangu alianza kuongoza wageni Mji wa Kale Mombasa meli zinapokuja. Siku yake ya kwanza akawaambia wazungu wanne kwa Kiingereza tukutane mlangoni Fort Jesus "at ten". Yeye kichwani alikuwa anasema saa kumi. Alasiri ikaingia, yeye yuko mlangoni, wageni hawapo, meli inaondoka saa kumi na moja na nusu. Aliwakuta Makadara wanakula viazi karai, wametulia, wanajua wana mpaka saa nne usiku. Alivyowakimbiza kwenye tuktuk mpaka leo anaota.

Mama mkwe wangu yeye alikosea upande wa pili. Aliambiwa "sixteen thirty", akasikia sita na nusu. Alirudi melini saa sita unusu mchana, akakuta hakuna mtu, akala chakula cha mchana peke yake kama malkia. Heri kosa la mama mkwe.

MwanaSyokimau (#12)
Bi Tausi nimecheka hadi mama watoto ameuliza nasoma nini. Sasa ameshika simu yeye. Nimeanza kulegea kidogo: Genoa na Palermo wenyewe, "Roma" na meli. Swali lingine. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, tunaomba ubalozi upi? Tunaanzia Uhispania lakini Italia tuna bandari tatu.

FailiLaViza (#13)
Kanuni inasema hivi: ubalozi wa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, kwa wingi wa siku ama kwa sababu ya safari. Zikilingana, ni nchi utakayoingilia kwanza. Wewe Italia una siku tatu. Uhispania una siku ya kupanda na siku ya kushuka. Kwa hesabu ya moja kwa moja ni Italia.

Dada_Imara (#14)
Napinga. Sisi tulikuwa na njia karibu kama hiyo tukaomba Uhispania, tukapewa. Tulilala Barcelona usiku mbili kabla na usiku mmoja baada. Usiku wa melini hauko kwenye nchi yoyote, uko baharini. Kitanda cha nchi kavu ndicho kinahesabiwa.

FailiLaViza (#15)
Mlipewa kwa sababu mliongeza hizo usiku tatu, Uhispania ikawa na siku nyingi. Hiyo inathibitisha ninachosema mimi.

Dada_Imara (#16)
Inathibitisha ninachosema MIMI. Kitanda.

MkimbizaNdege (#17)
Mimi niliambiwa dirishani kwamba ni nchi ya kwanza kugusa, na ndege yangu inapitia Frankfurt, basi niende kwa Wajerumani. Nikaenda. Wakanirudisha.

FailiLaViza (#18)
Kubadilisha ndege Frankfurt hakuifanyi Ujerumani kuwa shabaha ya safari. Aliyekwambia hivyo alikosea. Na MwanaSyokimau, hili ni kubwa kuliko ubalozi upi: Tunis haiko Schengen. Ukitoka Palermo kwenda Tunis umeondoka Schengen, ukirudi Barcelona unaingia upya. Omba viza ya kuingia mara nyingi. Ya kuingia mara moja itakufia Tunis. Na usifikiri utakaa tu melini bila kushuka. Kampuni nyingi huangalia viza za nchi zote za njiani kabla hujapanda, na zikiona pengo unabaki gatini na sanduku lako. Uliza pia Tunisia yenyewe inataka nini kwa pasipoti yetu, uliza kampuni kwa maandishi, jibu ulichape.

Ada ilipanda Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi 90 kwa mtu mzima, na kituo cha kupokea maombi kina chake juu ya hapo. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Mlango wa kuomba unafunguka miezi sita kabla ya safari. Usingoje mwezi wa mwisho, nafasi za miadi Nairobi zinaisha kama tikiti za SGR za Desemba.

Dada_Imara (#19)
Hapo tunakubaliana. Kitanda bado.

TaiLaNgong (#20)
Swali la mjinga: kwani lazima Ulaya? Sisi tulipanda Durban Desemba 2023, usiku nne, kuelekea Msumbiji. Afrika Kusini hatuhitaji viza tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka, kwa hivyo hiyo vita yote ya vitanda hatukupigana. Unachohitaji ni kadi ya homa ya manjano. Jirani yetu kwenye safari hiyo alikuwa na kila kitu isipokuwa ile kadi ya njano, akakataliwa kaunta ya ndege hapa JKIA. Chanjo inaanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hivyo kuchomwa jioni hiyo hakungemsaidia. Ukichomwa mara moja ni ya maisha siku hizi, msilipe mara ya pili.

Sasa ubaya. Siku ya kisiwa, upepo ulivuma. Kule hakuna gati, unapelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Nahodha akatangaza hatushuki. Tukakizunguka kile kisiwa kwa macho, tukarudi kucheza karata. Pesa za ziara ya meli zilirudishwa, za bandari zikarudi kidogo. Ningekuwa nimelipa mwongozaji wa nje ningekuwa nazilia mpaka leo. Kwa hivyo mimi niko upande wa Shangazi kwa sababu tofauti na yake.

Shangazi_Umoja (#21)
Upande wa Shangazi una nafasi, karibu.

BwanaRamani (#22)
Hoja ya boti ndogo ni muhimu. Angalia kwenye ratiba kama meli inafunga gatini ama inatia nanga nje. Santorini ni ya kutia nanga: boti hadi chini ya mlima, halafu ama foleni ya kibebeo cha waya, ama ngazi zaidi ya 580, ama punda. Meli tatu zikiwa hapo siku moja, foleni ya kushuka peke yake inakula saa yako. Na tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli ada, Santorini na Mykonos ni yuro 20 msimu wa watu wengi. Haikuhusu wewe, nawaambia wengine.

MamaPili_Buruburu (#23)
Mnaongea viza na punda, hakuna aliyemwambia huyu abebe nini. Sikilizeni. Pasi ya nguo usibebe! Yangu ilichukuliwa mlangoni kama bunduki, nikaandikiwa risiti, nikarudishiwa siku ya mwisho. Moto baharini ndio wanaogopa. Hata ile soketi ndefu ya kugawanya umeme waliitoa. Nguo zetu za karamu ya nahodha tulizinyoosha kwa mvuke wa bafu.

Sanduku unalikabidhi gatini asubuhi, unaliona chumbani jioni. Dawa, pasipoti, nguo ya kuogelea, chaja, vyote viwe kwenye mkoba unaobeba mwenyewe. Bwana wangu alikaa bwawani na suruali ya harusi siku nzima.

Simu: iweke hali ya ndege KABLA meli haijaondoka. Meli ina mnara wake na bei yake ni ya shetani. Mtoto wangu alisahau, simu ikajisasisha yenyewe usiku, shilingi elfu 18. Nunueni kifurushi cha intaneti cha meli ama mngoje mkifika mji.

Na chakula. Siku ya kwanza utakula kama uko matangani. Siku ya tatu utatafuta ugali. Hakuna. Nilibeba pilipili yangu ndogo kwenye begi, ikaniokoa.

MwanaSyokimau (#24)
Na malipo ndani ya meli? M-Pesa najua hapana. Ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa je?

ChumbaTisaSufuri (#25)
Kadi isiyo na plastiki inaweza kulipia nafasi yako mtandaoni ukiwa nyumbani. Ukipanda wanataka kadi ya kushika mkononi ama amana ya pesa taslimu. Chagua taslimu kama kadi yako ni ya akaunti ya mshahara. Wanazuia pesa kila siku kulingana na matumizi, na kwa kadi kama hiyo pesa zilizozuiwa huchukua siku nyingi kuachiliwa. Nimeona Wakenya wenzangu wanakwama uwanja wa ndege wa kurudi na pesa zao wenyewe zimefungwa.

Bei uliyoiona, uliza kama ni kwa mtu ama kwa chumba. Karibu zote ni kwa mtu, mkiwa wawili. Uliza ada za bandari kama zimo. Na bakshishi: inakatwa yenyewe kila siku, kwa kampuni nyingi kati ya dola 14 na 20 kwa mtu, hata mtoto. Wawili kwa siku saba ni dola 196 hadi 280 ambazo tangazo halikusema. Unaweza kwenda dirishani ukaomba iondolewe. Siwaambii msiiondoe. Nawaambia tu kwamba sisi tunajua vyumba gani vimeiondoa.

NahodhaWaNchiKavu (#26)
Eti "nawaambia tu". Hii ni onyo la mafia.

ChumbaTisaSufuri (#27)
Taulo lako litakunjwa vizuri tu kaka. Halitakuwa na umbo la tembo.

PekeYanguTu (#28)
Na mjane anayesafiri peke yake? Nimeona bei inakuwa karibu mara mbili.

ChumbaTisaSufuri (#29)
Ndiyo mama, mara nyingi unalipia kitanda cha pili kikiwa kitupu. Tafuta meli zenye vyumba vya mtu mmoja, viko vichache na huisha mapema. Ama tafuta mwenzako wa chama.

MzeeWaReli (#30)
Nyinyi watoto mnazungumza taulo za tembo, mimi nauliza usalama. Nilikuwa Mombasa Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipozama, watu 272. Tangu siku hiyo mimi na chombo cha majini tunasalimiana kwa mbali. Na ile ya Kiitaliano iliyolala ubavu?

BwanaRamani (#31)
Pole sana mzee. Costa Concordia, 13 Januari 2012, watu 32 walikufa. Abiria wengi waliopanda jioni ile hawakuwa wamefanya zoezi la usalama bado, wakati huo ilikubalika kulifanya ndani ya saa 24. Sheria ilibadilishwa, sasa zoezi ni kabla ya kuondoka ama mara tu meli inapoondoka. Kwa hivyo wakikuita uende kituo chako siku ya kwanza, acha glasi uende.

TaiLaNgong (#32)
Kichefuchefu je? Mke wangu alilala siku nzima ya kwanza.

MamaPili_Buruburu (#33)
Tangawizi mbichi, unatafuna.

MkimbizaNdege (#34)
Tangawizi ni hadithi. Ni chumba. Chukua cha katikati ya meli, sakafu za chini, hapo ndipo panapoyumba kidogo. Waliolipa roshani ya juu kabisa mbele ndio wanaotapika kwa gharama.

Bi_Tausi (#35)
Kwetu wavuvi husema usipande na tumbo tupu, na usiangalie maji karibu. Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu.

ChumbaTisaSufuri (#36)
Sisi wafanyakazi tunakula tofaa za kijani na biskuti kavu. Kwa nini zinasaidia sijui, zinasaidia. Dawa za duka la dawa zipo, ila zinywe kabla, ukishaanza kutapika zinatoka nazo.

Dada_Imara (#37)
Wote mnaongea kana kwamba Mediterania ya Juni ina mawimbi. Mimi niliyumba zaidi kwenye matatu ya Rongai.

WaKilindini (#38)
Nisameheni kuwatoa njiani. Mimi kinachoniuma ni kwamba tunapanda ndege mbili kwenda kupanda meli, na sisi tuna bahari. Mombasa jengo la abiria wa meli za kitalii lipo. SGR inakufikisha Miritini kwa 1,500 daraja la kawaida. Kwa nini hatuwezi kupandia hapo tukaenda Zanzibar, Shelisheli, tukarudi?

MkimbizaNdege (#39)
Maharamia wa Somalia. Ndio waliua biashara.

WaKilindini (#40)
Waliiua kweli. Seabourn Spirit ilishambuliwa Novemba 2005 pwani ya Somalia, na MSC Melody ilishambuliwa Aprili 2009 karibu na Shelisheli ikitoka Durban kwenda Genoa. Baada ya hapo meli zikatukimbia. Lakini ile ramani ya eneo la hatari la Bahari ya Hindi iliondolewa Januari 2023. Sasa sababu ni nini?

BwanaRamani (#41)
Umbali. Mtu wa Mediterania anaamka kila asubuhi kwenye mji mwingine. Mombasa hadi Zanzibar ni usiku mmoja, halafu? Shelisheli ni karibu siku mbili za maji matupu. Abiria wa usiku 7 hataki kukaa siku nne akiangalia upeo wa Bi Tausi.

TaiLaNgong (#42)
Ni pesa. Meli ya vitanda 2,000 ijazwe kila wiki na nani? Sisi tunaohesabu ng'ombe?

FailiLaViza (#43)
Ni karatasi. Kila nchi ya hapa ina viza zake, kadi zake za chanjo, fomu zake. Kampuni inaona kazi.

MkimbizaNdege (#44)
Basi ni Bahari ya Shamu. Kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha kupita huko.

BwanaRamani (#45)
Hiyo ingetuletea meli, isingetuondolea. Zinazozunguka Afrika zinahitaji mahali pa kusimama.

MkimbizaNdege (#46)
Zinazunguka upande wa Atlantiki bwana, zinasimama São Tomé kuacha watu.

MzeeWaReli (#47)
Mmesahau kwamba zamani ilikuwepo. Royal Star, miaka ya tisini, makao yake yalikuwa Mombasa. Ilikuwa inazunguka visiwa. Niliiona kwa macho yangu. Abiria wengi walikuwa wageni wa hoteli za pwani. Kwa hivyo maji si mbali, BwanaRamani. Ilikuwa inaenda na kurudi.

BwanaRamani (#48)
Mzee, hapo umenipata. Ingawa ilikuwa meli ndogo.

MzeeWaReli (#49)
Ndogo inatosha watu wangapi wa Umoja?

Bi_Tausi (#50)
Hizo chache zinazokuja siku hizi huja na kaskazi, Novemba hadi Machi, kama majahazi ya babu zetu. Kusi likianza zimeshatokomea. Hakuna jipya baharini.

MwanaSyokimau (#51)
Jamani uzi umenishinda, lakini nimepata mengi. Ripoti: mama watoto amesoma yote. Ameamua tunafika Barcelona siku mbili kabla (Dada_Imara ameshinda, kitanda), kwa sababu hataki ndege ikichelewa Doha tupungie meli mkono. Civitavecchia tutaangalia: anasema treni ya kwenda Roma ni saa moja hivi, tukirudi na ya mchana mapema tunabaki na saa tatu za akiba. Mimi ndiye sasa nataka basi la meli. Tumebadilishana timu.

Tatizo jipya: amemsomea mama yake kisa cha mama mkwe wa Bi Tausi kwa simu. Mama mkwe wangu ameuliza kama chumba cha ndani kinaingia kitanda cha tatu.

NahodhaWaNchiKavu (#52)
Kinaingia. Kinashuka kutoka darini. Wewe ndiye utakayelala juu.

Shangazi_Umoja (#53)
Sasa nunua ziara ya meli, mwanangu. Huyo huwezi kumwacha Tunis.

PekeYanguTu (#54)
Mimi nitaanza na kuziona tu. Meli ikija Mombasa wanaruhusu watu kuingia kutazama?

WaKilindini (#55)
Kuingia hapana mama, bandari ni lango na askari. Lakini zote hupita mlango wa Likoni zikiingia na kutoka Kilindini. Nenda Mama Ngina jioni, kaa kwenye ukuta upande wa bahari, nunua mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu. Inapita karibu hivi kwamba unaona watu wakipunga mikono kwenye roshani. Unapunga pia. Madafu yako kando.

KidoleJuu (#56)
Chai imeisha. Hiyo ya mihogo ni shilingi ngapi?